Betri ya Mtumbwini: Ina Kiu ya Maji, Haina Kiu ya Tindikali



Mwezi huu tunazungumzia chombo ambacho wengi hudhani kinamhusu fundi peke yake, nacho ni betri ya maji. Katika bonde la Kilombero betri hii iko mahali pengi. Iko kambini kwa wavuvi wa kambale, perege na kitoga, ikiwasha taa usiku na kuchaji simu. Iko kwenye boti za injini. Iko chini ya dungu shambani, wakati familia imehamia mashamba ya mpunga ng'ambo ya mto kwa miezi kadhaa. Iko pia katika zahanati zisizofikiwa na nguzo za umeme, ikimwangazia mkunga usiku.

Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018, magari yanayotoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge na Malinyi hayangoji tena pantoni. Lakini mitumbwi haijaisha. Mto Kilombero una matawi mengi, na wakati wa masika maji hufunika mbuga. Huko betri husafiri kwa mtumbwi pamoja na sufuria, mbegu na watoto.

Kila mwenye betri ya maji hufika siku akajiuliza: "Maji yamepungua ndani. Niongeze nini?" Jibu sahihi litampa miaka ya mwanga. Jibu lisilo sahihi litamharibia betri, na linaweza kumpofusha jicho. Ndiyo maana somo hili limewekwa katika ukurasa wa afya.

MAJI YA BETRI HUENDA WAPI?

Betri ya volti 12 ina vyumba 6. Ndani ya kila chumba mna bamba nyembamba za madini ya risasi, ambazo mafundi huziita pleti. Pleti hizo zimezama katika maji yaliyochanganywa na tindikali kali iitwayo asidi ya salfuriki. Betri iliyojaa chaji, tindikali huwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo. Sehemu yote inayobaki ni maji.

Unapowasha taa, tindikali huingia kwenye pleti. Unapochaji, tindikali hutoka kwenye pleti na kurudi katika maji. Huingia na kutoka namna hiyo kila siku, wala haipungui, isipokuwa betri ikipasuka au ikimwagika.

Kinachopungua ni maji. Betri ikikaribia kujaa, umeme unaozidi huanza kuyagawa maji kuwa hewa mbili, haidrojeni na oksijeni. Ukiweka sikio mbali kidogo utasikia kama uji unaochemka polepole. Hewa hizo hutoka kwa vitundu vya vifuniko na kupotea. Joto la Ifakara nalo huongeza upotevu huo.

Tufanye hesabu. Chukua paneli ya sola inayotoa ampea 3, iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri bila kontrola. Betri imejaa saa nane mchana, lakini paneli inaendelea kusukuma umeme mpaka saa kumi. Kwa saa hizo 2 za ziada, kila chumba hupoteza mililita 2 hivi za maji. Ni kidogo, hakuna atakayeona. Lakini kwa siku 30 ni mililita 60 kwa kila chumba, na kwa vyumba vyote 6 ni mililita 360. Hiyo ni chupa nzima ya soda. Sasa unaelewa kwa nini betri mpya iliyonunuliwa wakati wa kupanda huwa imekufa kabla ya mavuno.

Kontrola ya sola hupunguza umeme betri inapojaa, na hivyo huokoa maji mengi. Hata hivyo haimalizi upotevu wote. Betri yenye kontrola nayo hukaguliwa.

MAJI YAKIPUNGUA, NINI HUTOKEA?

Kwanza, sehemu ya juu ya pleti hubaki nje ya maji. Sehemu hiyo hukauka na kuwa ngumu, na haitafanya kazi tena hata ukiijaza maji kesho yake. Pleti ikikaa wazi nusu, umepoteza nusu ya betri.

Pili, tindikali iliyobaki katika maji machache huwa kali zaidi, na betri hupata joto haraka.

Tatu, na hili ndilo la hatari kwa mtu, nafasi iliyoachwa na maji hujaa hewa ya haidrojeni. Haidrojeni ikifikia sehemu 4 katika kila 100 za hewa, cheche ndogo tu huilipua. Betri yenye maji machache ina nafasi kubwa ya hewa hiyo, kwa hiyo mlipuko wake ni mkubwa kuliko wa betri iliyojaa. Ikilipuka, vipande vya plastiki na matone ya tindikali huruka, na aliyeinama kuchungulia huyapokea usoni.

NI MAJI GANI YANAYOFAA?

Yanayofaa ni maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kukusanywa tena, au yaliyoondolewa madini kiwandani. Huuzwa kwenye maduka ya vipuri kwa jina la maji ya betri. Hapa kuna mtego. Baadhi ya watu huita hata tindikali "maji ya betri". Kwa hiyo usiseme tu, "Nipe maji ya betri." Sema, "Nipe maji ya kuongezea, yasiyo na tindikali." Kisha soma karatasi ya chupa kabla ya kulipa.

Maji ya mto hayafai. Maji ya kisima hayafai. Maji ya bomba hayafai. Yote yana chumvi na madini yanayokula pleti.

Wengine huuliza juu ya maji yaliyochemshwa. Sisi wa afya tumefundisha kwa miaka mingi kwamba maji ya kunywa yachemshwe, na mafundisho hayo ni kweli. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini hakuondoi madini. Tazama ukoko mweupe chini ya sufuria, ndiyo madini yenyewe. Betri haiugui kipindupindu. Kinachoiua ni hayo madini. Maji ya kunywa ya chupa za dukani nayo hayafai, kwa sababu hiyo hiyo.

Maji ya mvua je? Maji yaliyopita juu ya bati hayafai, kwa kuwa yamebeba vumbi, kinyesi cha ndege na chembe za bati. Kama uko mbali na duka, na pleti zinakaribia kuwa wazi, unaweza kukinga mvua moja kwa moja kutoka angani. Tumia beseni safi la plastiki lililowekwa uwanjani, mbali na paa na miti, baada ya mvua kunyesha muda mrefu na kusafisha hewa. Hayo ni maji ya dharura. Ukifika mjini nunua yanayofaa.

KWA NINI TUSIONGEZE TINDIKALI?

Hili ndilo kosa kubwa. Betri ikichoka, mtu husema, "Nguvu imeisha, tuiongezee tindikali." Siku ya kwanza betri huonekana kuamka, naye hufurahi. Lakini tindikali ya zamani bado imo ndani ya pleti. Ukiongeza nyingine, betri inakuwa na tindikali kupita kiasi, pleti huliwa, na baada ya muda mfupi betri hufa kabisa.

Betri iliyochoka hudai chaji, na betri iliyokauka hudai maji. Tindikali huongezwa kwa sababu moja tu, kama mtumbwi umepinduka au betri imelala ubavu na mchanganyiko ukamwagika. Hapo mpelekee fundi mwenye kipimo. Usichanganye tindikali mwenyewe.

JINSI YA KUONGEZA MAJI, HATUA KWA HATUA

1. Usifanye kazi hii mtoni. Mtumbwi huyumba. Funga chombo, beba betri ikiwa wima, uiweke juu ya ardhi tambarare, mahali penye upepo. Watoto wakae mbali.

2. Zima kila kitu na ondoa nyaya za chaji. Kibatari, sigara na moto wa jikoni viwe mbali. Usichungulie ndani kwa kiberiti. Tumia mwanga wa mchana au tochi.

3. Vaa miwani ya kinga na glovu za mpira. Vua saa ya chuma na pete. Weka karibu dumu la maji safi lenye lita 10 au zaidi. Hilo ni la macho yako, si la betri.

4. Futa juu ya betri kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kufungua vifuniko, ili uchafu usidondoke ndani. Kitambaa hicho kisitumike tena nyumbani.

5. Fungua vifuniko vyote 6 na angalia kila chumba. Usidhani vyote viko sawa. Chumba kimoja kinachokauka haraka kuliko vingine ni dalili ya ugonjwa, mwonyeshe fundi.

6. Kama pleti ziko wazi, ongeza maji kidogo tu mpaka zifunikwe. Kisha rudisha vifuniko, chaji betri mpaka ijae, ndipo umalizie kujaza.

7. Kama pleti zimefunikwa tayari, chaji kwanza, maji baadaye. Mchanganyiko huvimba wakati wa kuchaji. Ukijaza kabla, utafurika na kumwaga tindikali juu ya betri na ndani ya mtumbwi.

8. Jaza mpaka kwenye alama ya juu iliyo ubavuni mwa betri. Kama haina alama, maji yawe juu ya pleti kiasi cha upana wa kidole, na yasiguse shingo ya tundu. Ile nafasi ndogo ya juu iachwe.

9. Tumia faneli au chupa ndogo ya plastiki. Usitumie kopo la chuma. Usivute kitu chochote cha betri kwa mdomo kupitia mpira, hata mara moja.

10. Funga vifuniko, osha mikono kwa sabuni, kisha andika tarehe katika daftari.

Betri zilizofungwa kabisa, ambazo watu huziita betri kavu, haziongezwi maji. Usizitoboe.

BETRI IKIWA NDANI YA CHOMBO

Iweke katika sanduku la mbao au plastiki lililofungwa imara, ili isipinduke wimbi likija au kiboko akishtua chombo. Sanduku liwe na matundu upande wa juu, kwa sababu haidrojeni ni nyepesi na hupanda juu. Chini ya sitaha au ndani ya chumba cha injini hewa hiyo hujikusanya pasipo harufu. Fungua mlango na subiri kidogo kabla ya kuwasha kitu chochote.

Ukisikia harufu ya yai viza karibu na betri inayochajiwa, simamisha chaji. Betri imezidishiwa umeme au ina chumba kibovu. Toka mahali hapo mpaka harufu iishe.

Wasomaji wetu wenye ndugu pwani, huko Kilwa na Mafia, wawakumbushe jambo moja zaidi. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri yanaweza kutoa hewa ya klorini, ambayo huumiza mapafu. Betri iliyozama baharini isichajiwe.

Tindikali ikimwagika ndani ya mtumbwi, nyunyizia magadi mpaka povu liishe, kisha osha kwa maji mengi. Magadi ni kwa mbao tu. Usiyatie kwenye jicho wala kwenye kidonda.

HUDUMA YA KWANZA

Jichoni: Anza kuosha sekunde ile ile. Mlaze mtu ubavu, jicho lililoumia likiwa chini, fungua kope kwa vidole, mwagia maji polepole bila kusimama kwa dakika 20 au zaidi. Usisugue. Usitie maziwa, asali, dawa za majani wala mate. Kama maji safi hayapo, tumia maji yaliyopo, hata ya mto. Maji ya sasa hivi ni bora kuliko maji safi ya baada ya nusu saa. Lakini yachote kwa chombo, usimwinamishe mgonjwa ukingoni penye mamba. Baada ya kuosha, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema maumivu yamepungua. Kwa walio karibu na Ifakara, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ndiyo kimbilio.

Kwenye ngozi: Vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi kwa dakika 20. Usipake mafuta.

Kumezwa: Mgonjwa asukutue mdomo. Usimtapishe, kwa sababu tindikali itaunguza koo mara ya pili ikipanda. Mpeleke hospitali haraka, na chukua ile chupa umwonyeshe mganga.

CHUPA YA SODA SI CHUPA YA TINDIKALI

Tumeshaonywa mara nyingi kuhusu mafuta ya taa katika chupa za soda. Onyo hilo hilo ni la tindikali. Haina rangi. Mtoto mwenye kiu kambini, au baba aliyetoka shambani jua kali, ataona chupa na kunywa. Tindikali haina kazi nyumbani wala mtumbwini. Kama hamuihitaji, msiiweke kabisa. Hata maji ya kuongezea yabaki katika chupa yake yenye maandishi, juu mahali ambapo mtoto hafiki.

BETRI ILIYOKUFA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Betri iliyokosa maji ya bei ndogo hufa mapema, na kifo chake huleta tatizo jingine uani. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huidaka mwilini kuliko mtu mzima. Humpunguzia damu, humletea maumivu ya tumbo, na hudumaza akili yake. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegali, watu walichimbua mchanga uliochanganyika na risasi ya betri mbovu. Watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi karibu na kiwanda kilichoyeyusha betri. Kesi yao ilichukua miaka mingi, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliporudisha uamuzi wa kuwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha hizo haziwezi kuirudisha afya ya mtoto.

Basi, usipasue betri mbovu. Usiyeyushe pleti zake jikoni ili kupata vizito vya nyavu. Moshi wake huingia mapafuni, na vumbi lake hubaki sakafuni ambako mtoto hutambaa. Usimwage tindikali yake mtoni wala shambani. Iuze ikiwa nzima, na mchanganyiko wake ndani, kwa anayenunua betri chakavu mjini.

MWENYE DAFTARI NI NANI?

Kila betri iwe na mtu mmoja wa kuitunza, na siku moja ya mwezi. Jumamosi ya kwanza inatosha. Wakati wa joto kali, au kama sola haina kontrola, iwe kila wiki mbili. Msimu ukiisha na betri ikirudi nyumbani, ichajiwe ijae kabla ya kuwekwa, kisha ichajiwe tena kila mwezi. Katika zahanati mtu huyo atajwe kwa jina na kamati, kwa sababu taa ya mkunga ikizimika usiku wa manane hakuna wa kumlaumu ila sisi sote.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KAMBINI

1. Katika betri, ni kitu gani hupotea, na ni kitu gani hubaki?
2. Kwa nini maji yaliyochemshwa humfaa mtu lakini hayaifai betri?
3. Mwenzako amerukiwa na tindikali jichoni, nanyi mko mtoni, mbali na Ifakara. Utafanya nini katika dakika ya kwanza?
4. Je, nyumbani au kambini kwenu kuna chupa isiyo na maandishi yenye tindikali? Itaondolewa lini, na nani?

Tusiishie kusoma. Kabla ya kuwasha taa leo jioni, nenda ukaangalie maji.